Kitalu cha Mei, Mboga za Kusi

Mazungumzo kwa wenye bustani za nyumbani na wakulima wadogo wa Kona ya Musa, mwishoni mwa Machi, kabla ya mvua za masika



Machi inakwisha. Kaskazi imelegea, kusi bado haijashika, na saa nane mchana hapa Kona ya Musa hata mbuzi wameacha barabara wakajibanza chini ya miembe. Siku kama hizi ni vigumu kumwambia mtu ajiandae kwa baridi. Hata hivyo baridi inakuja, kwa kipimo cha Pwani. Joto la mchana katika ukanda huu hufika yapata nyuzi 33 mwezi wa Machi. Ikifika Julai hushuka hadi yapata nyuzi 28, na usiku hukaribia nyuzi 21. Mtu wa Limuru akisikia hiyo ikiitwa baridi atacheka, lakini mche wa nyanya hauna habari za Limuru. Kwa mche huo, tofauti ya nyuzi hizo tano ndiyo inayoamua kama ua litakuwa tunda au litapukutika.

Habari ya leo ni fupi, ingawa maelezo yake ni marefu. Miezi ya kusi, yaani Juni, Julai, Agosti na sehemu ya Septemba, ndiyo miezi mizuri kuliko yote ya kukuza sukuma wiki, kabichi, nyanya, karoti na hoho katika ukanda wa Diani hadi Msambweni. Wenye bustani wengi hukosa nusu ya miezi hiyo kwa sababu huanza kitalu baada ya mvua kukatika. Kitalu cha mboga za kusi kinatakiwa kuanza mvua ikiwa inanyesha, mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei, chini ya paa.

Mambo huenda hivi karibu kila mwaka. Masika yakianza, kila mwenye jembe huelekea kwenye mahindi, mihogo na kunde. Hilo ni sawa, chakula kwanza. Mboga huachwa, na maneno ni yale yale: "Mvua ikatike kwanza." Mvua hupungua Juni. Mtu hupumzika kidogo, hununua mbegu mwisho wa mwezi, hutia kitaluni, na miche humfaa kuhamishwa mwishoni mwa Julai. Nyanya zake hutoa maua mwanzoni mwa Septemba. Joto limeanza kurudi, visima vimeshuka, na zinapoanza kuiva mvua za vuli ziko njiani na magonjwa yake. Kabichi yake inatakiwa kufunga Oktoba, wakati ambapo jua halitaki ifunge. Mwisho wa yote mtu husema ardhi ya Pwani haikubali mboga, kisha hurudi kununua kibandani kabichi iliyotoka Kinangop.

Kabichi hiyo ina safari ndefu. Imeteremka kutoka milimani usiku kucha ndani ya lori, ikashushwa Kongowea, ikapakiwa tena, ikavuka kivuko cha Likoni, ikafika Ukunda, na ndipo ikaletwa hapa. Kila mkono ulioishika umekula kitu, na haki yao. Anayelipa mikono yote hiyo ni mama anayesimama kibandani saa kumi na mbili jioni na shilingi zilizobaki za siku. Kivuko kikikwama au lori likichelewa, yeye hupata majani yaliyolegea kwa bei ya juu zaidi. Mahoteli ya Diani nayo hununua mboga hizo hizo zilizosafiri, ilhali shamba la jirani liko tupu mwezi wa Julai, mwezi ambao lingeweza kujaa.

Huko Kinangop kwenyewe wakulima wana adui ambaye Pwani haijawahi kumwona: sakitu. Usiku wa baridi kali maji hugeuka barafu juu ya majani, na alfajiri shamba la viazi huonekana kama limemwagiwa maji ya moto. Nchi za baridi hasa hukumbwa na jambo hilo kila mwaka. Minnesota, kaskazini mwa Marekani, ambako wanaishi watu wengi waliotoka Afrika Mashariki, sakitu yaweza kuua miche hata katikati ya Mei, na baridi hurudi tena vuli ya huko, yapata Septemba au Oktoba. Muda wa kulima nje ni mfupi. Mtu wa huko akingoja ardhi ipate joto ndipo atie mbegu ya nyanya, baridi itamkuta na nyanya za kijani. Kwa hiyo huhesabu kurudi nyuma. Hutazama tarehe ambayo sakitu huwa imekwisha, hupunguza wiki sita hadi nane, na siku hiyo hutia mbegu ndani ya nyumba, dirishani, huku nje theluji bado ingalipo. Siku ardhi inapofunguka, mche wake una majani sita na uko tayari.

Hesabu hiyo ndiyo inayohitajika hapa, ila adui amebadilika. Kule ni baridi inayochelewa kuondoka; hapa ni joto linalowahi kurudi. Kule mche hulindwa na theluji, hapa hulindwa na mvua kubwa.

Wala kuhesabu siku si jambo geni Pwani. Wazee wa mwambao walihesabu mwaka kuanzia Nairuzi, siku inayoangukia Julai na ambayo Makunduchi, Unguja, huadhimishwa kwa Mwaka Kogwa. Waligawa siku za mwaka katika miongo, kila mwongo siku kumi, miongo thelathini na sita na siku tano za nyongeza. Nahodha alijua mwongo gani wa kusafiri, na mkulima alijua mwongo gani wa kutia mbegu. Hakuna aliyengoja mvua imlowe ndipo akumbuke shamba. Siku hizi kuna kalenda ya ukutani na kuna utabiri wa msimu unaotolewa na Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa kabla ya masika, lakini ile tabia ya kuhesabu imepungua.

Basi hesabu yenyewe ni hii. Nyanya hukaa kitaluni wiki nne hadi tano katika joto la Pwani. Sukuma wiki na kabichi, wiki nne au tano vilevile. Hoho na pilipili ni wavivu, huchukua wiki sita hadi nane. Siku inayolengwa ya kuhamishia miche shambani ni wiki ya kwanza ya Juni, isipite katikati ya mwezi. Kurudi nyuma kutoka hapo: mbegu za hoho zitiwe katikati ya Aprili, nyanya mwisho wa Aprili, sukuma na kabichi wiki ya kwanza ya Mei. Nyanya iliyohamishwa mwanzo wa Juni hutoa maua Julai, mwezi wenye ubaridi kuliko yote. Joto la mchana likipita nyuzi 32 na usiku likabaki juu ya 22 au 23, chavua ya nyanya hudhoofika na maua hudondoka bila kushika tunda. Julai hakuna taabu hiyo. Matunda huanza kuiva mwishoni mwa Agosti, jua likiwa na nguvu ya kuyapa rangi.

Karoti haimo katika hesabu hii kwa kuwa haipendi kuhamishwa. Mbegu yake hutiwa moja kwa moja mahali itakapokaa, mwezi wa Juni, katika udongo usio na mawe.

Sasa kitalu. Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo wengi huharibikiwa hata wakiwahi. Mvua ya Mei katika ukanda huu haina huruma. Tone moja kubwa laweza kung'oa mche wa siku tano, na udongo unaorushwa hubeba ukungu hadi kwenye shina changa. Ndiyo maana mtu huamka asubuhi akakuta miche imelala chini, shina limebana kama lililofungwa uzi, limeoza pale linapokutana na udongo. Watu husema imelogwa au mbegu ilikuwa mbovu. Mara nyingi ni maji yaliyotuama na miche iliyosongamana.

Tuta la kitalu liwe na upana wa mita moja ili mkono ufike katikati kutoka kila upande, na liinuliwe kiasi cha shibiri moja kutoka usawa wa ardhi, maji yapate pa kwenda. Juu yake kusimamishwe nguzo fupi na paa. Makuti yapo tele, na paa la makuti ndilo linalomjia kila mtu kichwani kwanza, lakini lina hila yake: likiwa zito, miche hukosa mwanga na kurefuka, ikawa myembamba kama njiti, na siku ya kuhamishwa hukatika. Bora zaidi ni karatasi ya nailoni inayopitisha mwanga, iliyotandazwa juu ya fito kwa mteremko ili maji yateleze, pande zote ziwe wazi hewa ipite. Makuti machache yawekwe juu saa za jua kali tu, kisha yaondolewe. Asiye na nailoni atumie makuti mepesi, kuti moja moja na nafasi kati yake, na akubali kupoteza miche kadhaa.

Udongo wa kitalu ni jambo la kufanya wiki hii, wala lisingoje mvua. Sehemu kubwa ya ardhi ya ukanda huu ni kichanga juu ya mawe ya matumbawe. Maji hupita upesi, mbolea huondoka nayo, na minyoo midogo isiyoonekana kwa macho hustawi humo, ile inayofanya mizizi ya nyanya kuvimba mafundomafundo. Udongo wa juu uliochotwa chini ya miti, samadi ya mbuzi iliyooza sawasawa na mchanga kidogo, kwa kiasi cha ndoo mbili, moja na moja, hufanya mchanganyiko mzuri. Mchanganyiko huo ulowanishwe, utandazwe usizidi kina cha shibiri, ufunikwe nailoni inayopitisha mwanga na kubanwa kingo zake, uachwe juani wiki nne. Jua hili linalolaumiwa kila siku litaua ukungu, minyoo na mbegu za magugu bila kudai senti. Mvua ikiwahi na jua likakosekana, maji yanayochemka yaliyomwagwa juu ya udongo hufanya kazi hiyo kwa kiasi, ingawa kuni zake zina gharama.

Samadi iwe ya zamani. Samadi mbichi ya kuku, hasa, ina moto na huunguza mizizi. Iliyochimbwa zizini leo irundikwe, ilowanishwe, ifunikwe kwa majani ya migomba, na Juni itakuwa imepoa vya kutosha kwa matuta makubwa.

Wenye vifuu vya nazi wasivitupe. Kifuu kilichotobolewa tundu chini ni chungu kizuri cha mche mmoja wa nyanya au hoho, na siku ya kuhamisha mche hutoka na udongo wake bila mizizi kusumbuliwa. Vumbi la makumbi nalo hushika maji vizuri likichanganywa na udongo, lakini lioshwe mara mbili tatu kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kwani makumbi, hasa yaliyolowekwa ufuoni, hubeba chumvi inayozuia mbegu kuota.

Mbegu zipandwe kwa mistari, kina cha nusu sentimita, ziachane. Kosa linaloonekana mara kwa mara ni kumwaga pakiti nzima katika nafasi ya sinia. Kijiko kimoja cha chai cha mbegu za sukuma kina miche mingi kuliko inayohitajiwa na nyumba moja. Mraba wa mita tano kwa tano, kwa nafasi ya sentimita 45 kila upande, huchukua miche yapata 120, na hiyo inatosha nyumba kubwa kula na kuuza fungu mbili tatu. Kuhusu mbegu zenyewe, pakiti halali nchini Kenya huwa na kibandiko cha KEPHIS. Mnunuzi hukikwangua, akatuma namba iliyojificha kwa ujumbe mfupi kwenda 1393 na kujibiwa kama mbegu ni ya kweli. Mbegu za kupimwa kwa kifuniko cha soda hazina kibandiko wala jina. Na aina ya kabichi iulizwe kwa makini dukani, kwani zipo zinazostahimili joto na zipo zilizotengenezwa kwa ajili ya milima. Hizi za milima Pwani hutoa majani mazuri yasiyofunga.

Siku saba hadi kumi kabla ya kuhamishwa, miche izoezwe. Kivuli kiondolewe kidogo kidogo na maji yapunguzwe, ila isiachwe inyauke. Wakulima wa nchi za baridi hufanya vivyo hivyo, hutoa vyungu nje mchana na kuvirudisha ndani usiku, hadi mche uzoee upepo. Hapa upepo ni kusi yenyewe, na ina nguvu. Mche uliodekezwa ukipelekwa mbele ya kusi siku ya kwanza hulala chini siku ya pili.

Faida nyingine ya kuwahi ni maji, na kwa wakazi wengi hii ndiyo faida kubwa. Mwanzoni mwa Juni ardhi bado imeshiba. Manyunyu huendelea, na mvua ndogo za mchoo huweza kupita Julai. Mche wa Juni hushusha mizizi kwa maji ya Mungu. Mche wa mwisho wa Julai huanza maisha kwa mtungi. Miche 120 ya sukuma katika udongo wa kichanga hutaka yapata lita moja kwa kila mche kwa siku isiyo na mvua. Hiyo ni mitungi sita ya lita 20 kila siku, mitungi 180 kwa mwezi. Mwenye kisima ataipata kwa mgongo wake. Anayenunua maji ya mkokoteni apige hesabu kwa bei ya kwake, na aone kama bado sukuma hiyo ni rahisi kuliko ya kibandani.

Visima navyo vina siri yake. Karibu na bahari, maji matamu hukaa juu ya maji ya chumvi, na kisima kikivutwa kwa nguvu kiangazi, chumvi hupanda. Sabuni ikikataa kutoa povu na maji yakikausha ulimi, maharagwe na karoti zitaonyesha kwanza, kingo za majani zikiungua. Sukuma na mchicha huvumilia zaidi. Huo ni msaada mwingine kwa mboga za Juni, kwa sababu baada ya masika maji ya visima huwa matamu kuliko wakati wowote. Juu ya tuta patandazwe majani makavu ya mwembe, makuti mabovu au nyasi, unene wa vidole vinne, kisha mtungi wa leo utatumika hadi kesho.

Nyanya zina jambo moja linalofaa kusemwa kwa ukali. Shina linaponyauka ghafla mchana likiwa bado kijani, na jioni likajiinua, na siku ya tatu lisijiinue tena, mkulima akate kipande cha shina karibu na ardhi na kukitundika ndani ya glasi ya maji safi, ncha iguse maji. Zikiteremka nyuzi nyeupe kama moshi, huo ni mnyauko wa bakteria. Hauna dawa ya kunyunyizia, na anayeuza dawa hiyo anauza maji. Mmea ung'olewe na mizizi yake, uchomwe, na mahali hapo pasipandwe nyanya, biringanya, hoho, pilipili, viazi wala mnavu kwa miaka kadhaa, kwani wote hao ni ukoo mmoja na ugonjwa wao ni mmoja. Mahindi au kunde hufaa kufuata. Wengi hurudisha nyanya pale pale kwa sababu ndipo penye samadi, na ugonjwa huwangojea.

Wadudu wa sukuma na kabichi, vidukari na viwavi vya nondo mgongo almasi, hupunguzwa kwa mwarobaini, mti ulioota karibu kila ua wa Pwani. Kokwa zilizokaushwa kivulini husagwa, gramu 50 kwa lita moja ya maji, hulowekwa usiku kucha, huchujwa kwa kitambaa na kunyunyiziwa jioni, chini ya majani. Jua huua nguvu yake, kwa hiyo asubuhi ni hasara. Tumbili hawana dawa. Bustani iliyo karibu na msitu wa Diani itaporwa, nyanya kwanza, na mwenyewe atajikuta akichagua kati ya wavu, mbwa, au kupanda vile ambavyo tumbili havimpendezi sana, kama pilipili kali. Mbuzi wa jirani ni shauri la jirani, lakini ua wa fito uliojengwa Mei hugharimu kidogo kuliko ugomvi wa Julai.

Wako watakaosema hawana shamba, wana chumba cha kupanga na uwanja wa kuanikia nguo. Gunia moja lililojazwa udongo na samadi, katikati likawekwa mhimili wa kokoto wa kupitishia maji, hubeba miche thelathini na zaidi ya sukuma juu na ubavuni. Hesabu ya tarehe ni ile ile. Gunia liwekwe mahali linapopata jua la asubuhi na lisipopigwa na kusi moja kwa moja.

Yote haya hayafuti mboga za asili, na itakuwa hasara kubwa kama mtu ataondoka hapa akidhani sukuma ni bora kuliko mchunga. Mchicha, kunde, bamia, matembele na kisamvu hazingoji kusi. Hizo ni za joto, huota Machi kama hii ambayo kabichi ingejifia, na zimelisha Pwani kabla kabichi haijajulikana. Mpango mzuri ni wa zamu. Kaskazi ikivuma, tuta liwe la mchicha, bamia na kunde. Kusi ikishika, nusu ya tuta ipewe wageni wa milimani. Septemba ikiisha, wageni waondoke, kunde zirudi na kuupa udongo chakula walichokula wao. Anayelazimisha kabichi Februari anapigana na jua, na jua halijashindwa bado.

Kina mama waliokuwa wakinong'ona huko nyuma kuhusu kazi mbili kwa wakati mmoja wana haki. Aprili na Mei ni miezi ya palizi ya mahindi, na mikono ni ile ile. Lakini kitalu cha nyumba moja ni kipande cha mita moja kwa mbili, karibu na jikoni, na hutaka robo saa asubuhi na robo saa jioni: kufunua, kutazama, kupunguza iliyosongamana, kufunika mvua inapokuja. Mtoto wa darasa la sita anaweza. Majirani watatu wanaweza kuwa na kitalu kimoja na paa moja, wakapokezana zamu, wakagawana gharama ya nailoni na pakiti za mbegu. Afisa wa kilimo wa wadi anaweza kuitwa aje kukitazama wiki ya pili baada ya mbegu kuota, kwani wakati huo makosa bado yanarekebishika, na kituo cha KALRO kilichoko Matuga hakiko mbali kwa mwenye swali kubwa zaidi.

Linalobaki ni miche ya ziada, maana daima hubaki. Mche wa nyanya uliopita wiki sita kitaluni umezeeka. Ukihamishwa hukaa tu, hutoa ua dogo na kusimama. Kwa hiyo Juni ikifika katikati, miche iliyobaki isitunzwe kwa huruma. Ifungwe mafungu ya kumi kumi kwa majani ya mgomba yaliyoloweshwa, ipelekwe barabarani asubuhi mapema kabla jua halijapanda. Wale waliokuwa wakingoja mvua ikatike watakuwa wakipita hapo, na watanunua.